Nyumba ya nyanya Pumwani na jina lisilo na baba

BARUA

Kwako Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 44 na ninaishi Umoja, Nairobi. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, lakini sikudhani kwamba siku moja nami ningekuandikia, tena kwa jambo ambalo si la ndoa wala la fedha, bali la mtu aliyekwisha kufariki.

Nyanya yangu mzaa mama alifariki mwaka 1991, akaacha nyumba Majengo, Pumwani. Ni nyumba ya kale ya miti na udongo, kuta zimepakwa saruji baadaye, paa ni la mabati, na ndani kuna ukumbi mrefu katikati na vyumba vinane, vinne kila upande. Uani kuna jiko na choo. Chumba cha kwanza mkono wa kulia ndicho alichokuwa akilala. Vingine alivipangisha, na hadi leo vina wapangaji. Kodi huchukuliwa na mjomba wangu, ambaye ndiye mtoto wa nyanya pekee aliye hai tangu mama yangu alipofariki miaka minne iliyopita.

Baada ya arubaini ya mama nilikabidhiwa sanduku lake la bati. Chini kabisa, ndani ya kanga iliyokunjwa, nilikuta risiti 11 za kodi ya kiwanja zimefungwa kwa uzi, pamoja na picha moja ya wanawake wanne waliosimama mbele ya ukuta wa udongo. Nyuma ya picha kumeandikwa kwa penseli, "Pangani 1936". Nyanya ni wa pili kutoka kushoto. Nilimtambua mara moja kwa jinsi alivyoinua kidevu, kwa sababu mama naye alikuwa akiinua kidevu vivyo hivyo kila alipopigwa picha. Risiti zote zina jina lake la kwanza, ambalo naomba nisilitaje hapa, likifuatiwa na maneno "binti Abdallah".

Taabu yangu ilianzia hapo. Nilimuuliza mjomba huyo Abdallah alikuwa nani, akasema hamjui na hajawahi kumsikia. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba asili ya nyanya ni Murang'a, lakini hakuna anayejua ni kijiji gani wala ukoo gani, na hakuna jamaa wa Murang'a aliyewahi kuja kwetu, hata siku ya maziko yake. Nilichukua nambari ya kiwanja iliyo kwenye risiti nikaenda nayo ofisi ya ardhi, nikaambiwa hakuna hatimiliki yenye nambari hiyo. Nikawaendea akina mama watatu wazee wa mtaa ule. Wawili walinyamaza tu, wakabadilisha mazungumzo. Wa tatu alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mambo ya wazee waachie wazee."

Habari zilimfikia mjomba kabla sijafika nyumbani. Alinipigia simu akiwa na hasira ambayo sijapata kuiona kwake, akasema ninalichimba kaburi la mama yake ili nipate kumnyang'anya nyumba. Tangu siku hiyo, sasa ni miezi mitano, hatusemezani, na Idd iliyopita watoto wangu hawakwenda kumpa mkono. Wakati huohuo nyumba mbili za jirani zimebomolewa na maghorofa yanapanda. Naogopa kwamba nyumba ile ikianguka, hakutabaki chochote cha kutueleza nyanya alikuwa nani. Je, niache? Na kama nisiache, nianzie wapi?

Msomaji wako, Umoja

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa miezi hii mitano, maana najua ugomvi na mjomba huuma kuliko ugomvi na jirani.

Usiache. Lakini nakuomba uanze upya, kwa sababu uliuliza maswali mawili kwa pumzi moja. Swali la kwanza ni nyanya alikuwa nani. Swali la pili ni nyumba ile ni ya nani. Wewe moyoni ulikusudia la kwanza, ila kila aliyekuona ukienda na nambari ya kiwanja kwenye ofisi ya ardhi alisikia la pili, na Majengo ni mji mdogo ndani ya jiji, ambamo neno lililosemwa asubuhi limekwisha kufika uani kwa kila mtu ifikapo adhuhuri. Mjomba wako si mtu mbaya kwa kuogopa. Ameishi miaka mingi katika mtaa ambao watu huamka na kukuta mgeni ameshika karatasi ya kiwanja chao, na hofu ya namna hiyo haiangalii kama aliyeshika karatasi ni mgeni au ni mtoto wa dada.

Kwa hiyo kabla ya masjala yoyote, nenda kwake. Nami nakuuliza kwanza, ujijibu mwenyewe kwa ukweli: je, unataka sehemu katika nyumba ile? Kama unaitaka, si dhambi. Mama yako alikuwa hai mama yake alipofariki mwaka 1991, kwa hiyo fungu lake katika mirathi lilithibiti siku ile, nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, na baada yake fungu hilo ni la warithi wake, wewe ukiwamo. Hilo ni la Kadhi, nalo lina njia yake ya wazi: shauri huletwa, warithi huitwa na kila mmoja husikilizwa. Linaweza kufanyika kwa heshima kabisa. Lisilofaa ni kuifunika haki ya mirathi kwa kitambaa cha historia. Kama huitaki, mwambie mjomba hivyo mbele ya mtu mzima anayemheshimu, kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili. Na kama hujaamua, mwambie pia kwamba hujaamua, na kwamba siku ukiamua yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.

Nasema haya kwa uzito kwa sababu kosa la kutanguliza karatasi mbele ya watu nami nimelifanya. Nilifanya kazi ya ukarani wa masjala kwa miaka mingi, nikadhani kwamba kwa kuwa najua kutafuta faili najua pia kutafuta watu. Nilipoanza kufuatilia upande wa baba yangu, nilimwendea shangazi yangu mkubwa na daftari na kalamu, nikakaa mbele yake nikaanza kuuliza kama mtu wa sensa: jina la baba, jina la babu, mwaka, mahali. Alinijibu kwa upole kwamba amesahau. Mwaka huohuo akafariki. Miezi kadhaa baadaye jirani yake aliniambia kwamba jioni nyingi alikuwa akiimba majina ya babu zake wote, mmoja baada ya mwingine, alipokuwa akichambua mchele. Daftari langu ndilo lililomnyamazisha, na hadi leo sijapata mtu mwingine wa kunipa majina yale.

Ukirudi kwa wale akina mama, basi, usiende na swali, nenda na picha. Ipeleke studio ikapigwe upya kwa ukubwa, uwape nakala iwe yao. Kaa nao, kunyweni chai, mwacheni kila mmoja aitazame. Wala usiulize juu ya mtu; uliza juu ya nyumba. "Nyumba iliyofuata ya nyanya ilikuwa ya nani? Na ile ya pembeni, kabla ya kisima?" Mtu mzee anayekataa kueleza habari za mtu hukubali kwa furaha kuutembea mtaa wake wa zamani kwa maneno, mlango hadi mlango, na katika kutembea huko majina hujileta yenyewe: fulani alikuwa na duka, fulani alipika mandazi, fulani alikuja na nyanya yako kutoka Pangani. Baadaye, ukiwa peke yako, chora ramani ndogo ya uchochoro ule na kila nyumba uipe jina la mwenyewe. Ramani hiyo ya majirani itakufaa kuliko nasaba yenyewe kwa sasa, kwa sababu watu walihama kwa makundi, na mwanamke aliyefika mjini peke yake alifuata mtu wa kwao au rafiki. Ukijua majirani watatu walitoka wapi, umekaribia kujua yeye alitoka wapi.

Sasa tuingie kwenye lile jina, ambalo naamini ndilo fundo lenyewe. Umemtafuta Abdallah kana kwamba alikuwa mtu. Yamkini hakuwapo. Abdallah maana yake ni mja wa Mungu, na ni desturi ya tangu zamani kwamba mtu anaposilimu, na baba yake si Mwislamu, anaitwa mwana wa Abdallah, mwanamume "bin Abdallah" na mwanamke "binti Abdallah". Mitaa ya Waafrika ya Nairobi ya mwanzo ilikuwa na Waislamu wengi, na wanawake wengi waliofika kutoka bara walisilimu humo, wakapata jina jipya, ndugu wapya na mahali pa kuzikwa. Mjomba wako aliposema hamjui Abdallah alisema kweli. Kwa hiyo usipoteze siku hata moja kumtafuta babu wa jina hilo. Unachokitafuta ni jina alilokuwa nalo nyanya kabla ya kusilimu, na jina hilo haliko kwenye karatasi yoyote ya mjini. Liko vinywani mwa wanawake waliomjua akiwa kijana, au mwa watoto wao.

Huenda pia kuna sababu ya jina hilo kufichwa. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu, wakachujwa, na wengi wakapelekwa kizuizini. Sisemi kwamba najua yaliyompata nyanya yako siku zile. Lakini mwanamke wa Murang'a, nchi ya Wakikuyu, aliyekuwa na jina la Kiislamu, kanga mwilini na Kiswahili kinywani, alikuwa na kila sababu ya kutotaja tena alikotoka, wala kuwaruhusu wanawe kutaja huko. Neno lililonyamaziwa kwa ajili ya kuokoa watoto huendelea kunyamaziwa hata baada ya hatari kupita. Ukilifahamu hilo, utaacha kuona ukimya wa wale akina mama kuwa ni ukatili.

Turudi kwenye zile risiti, maana una hazina mkononi na bado hujaisoma. Zitandaze mezani, moja moja, mchana penye mwanga. Kwanza tazama kichwa cha karatasi. Nairobi ilikuwa manispaa tangu 1919 na ikapewa hadhi ya jiji mwaka 1950. Kwa hiyo risiti iliyotolewa kwa jina la manispaa ni ya kabla ya hapo, na iliyotolewa kwa jina la jiji ni ya baadaye, hata kama tarehe imefutika. Pili tazama fedha. Rupia ilitumika hadi 1920, ikafuatwa kwa muda mfupi na florini, kisha kuanzia 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, nayo ikaondolewa shilingi ya Kenya ilipoanza mwaka 1966. Tatu, kama kuna stempu iliyobandikwa, angalia kichwa kilichochorwa: George wa Tano alifariki Januari 1936, George wa Sita Februari 1952, na baada yake ni Malkia Elizabeth. Nne, linganisha mwandiko na jina la mlipaji. Risiti ikitolewa kwa jina la mtu mwingine kwa niaba yake, huyo ndiye mtu wa kumtafuta, kwa sababu hakuna anayemtuma mtu asiyemwamini kwenda kulipa kodi ya kiwanja.

Na picha yako inakwenda sawa na yanayojulikana. Pangani ya zamani kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza vya Waafrika hapa Nairobi, kabla ya Pumwani, nacho kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakahamishiwa Pumwani na Shauri Moyo. Picha ya mwaka 1936 inamwonyesha nyanya yako katika miaka ya mwisho ya kijiji kile. Tafuta basi ile risiti ya zamani kuliko zote. Ikiwa ni ya mwaka 1938 au 1939, yaelekea alikuwa miongoni mwa waliohama Pangani ilipovunjwa. Ikiwa ni ya kabla ya hapo, basi alikuwa na kiwanja Pumwani akiwa bado na marafiki Pangani, na hiyo ni hadithi nyingine kabisa.

Uliambiwa hakuna hatimiliki, ukavunjika moyo. Isingeweza kuwapo. Pumwani ilitengwa mwaka 1921 iwe mahali pa Waafrika kukaa, na utaratibu wake ulikuwa kwamba mwenyeji alipewa kiwanja, akajenga nyumba kwa gharama yake mwenyewe, kisha akailipa manispaa kodi ya kile kiwanja. Nyumba ilikuwa yake, ardhi haikuwa yake. Ndiyo maana nambari ya kwenye risiti si nambari ya hatimiliki, na ndiyo maana kuitafuta katika daftari la ardhi, au siku hizi katika mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, ni sawa na kumtafuta mtoto katika shule ambayo hakusoma. Kumbukumbu za viwanja vile zilikuwa mikononi mwa manispaa, kisha jiji, na tangu 2013 majukumu hayo ni ya Serikali ya Kaunti. Huko ndiko pa kuuliza, lakini, nakusihi, baada ya kupatana na mjomba, na ikiwezekana mwende pamoja.

Kumbukumbu za kale zaidi ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki zamani. Hifadhi ilianzishwa kwa sheria mwaka 1965, na raia yeyote anaruhusiwa kusoma humo akijiandikisha na kulipa ada ndogo. Chukua kitambulisho, penseli na subira. Faili za serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo za wakati unaoutafuta ziko wazi. Usiombe jina la nyanya, maana faili hazikupangwa kwa majina ya watu wa kawaida. Omba taarifa za mwaka za wilaya ya Nairobi na faili zinazohusu Pangani, Pumwani na makazi ya Waafrika, na wahudumu wa chumba cha kusomea watakuonyesha orodha. Ukipata orodha ya wenye nyumba waliohamishwa, isome yote, si jina moja tu, ukiwa na ile ramani yako ya majirani kando.

Lazima nikuandae kwa jambo moja. Nyanya yako ataonekana mara chache kuliko wanaume wa wakati wake. Kipande, yaani cheti cha utambulisho cha wakati wa ukoloni ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni tangu miaka ya 1919 na 1920, kiliandika jina, asili na kila mwajiri, na kwa ubaya wake wote kiliacha alama ya mtu, lakini wanawake hawakupewa. Hata kitambulisho cha taifa kilianza kutolewa kwa wanawake baada ya sheria kubadilishwa mwaka 1978, wakati yeye tayari alikuwa mtu mzima sana. Hicho, kama mjomba anacho, kina thamani kubwa, kwa sababu huonyesha mahali mtu alikosema ametoka. Mwombe akuonyeshe tu, wala usimwombe akupe.

Kuna mahali pawili ambapo mwanamke Mwislamu wa mjini angeweza kuandikwa. Pa kwanza ni ndoa: tangu 1906 kulikuwa na sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu, na cheti cha ndoa humtaja walii wa bibi harusi. Mwanamke aliyesilimu peke yake hakuwa na baba Mwislamu wa kumwoza, kwa hiyo tazama ni nani aliyesimama mahali pake. Mara nyingi ni mtu aliyemlea kidini au aliyempokea mjini. Pa pili ni mirathi, ya kwake na ya majirani zake. Gazeti rasmi la serikali huchapisha matangazo ya maombi ya mirathi, yenye jina la marehemu, tarehe ya kufariki, makazi na majina ya waombaji pamoja na uhusiano wao naye. Matoleo mengi ya zamani yamewekwa kwenye intaneti na husomwa bila malipo. Andika jina kwa kila namna unayoweza kuifikiria, Abdallah, Abdulla, Abdala, binti, bint na kile kifupi cha "bt.", kwa sababu makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia.

Murang'a iache iwe ya mwisho. Ukienda leo na jina la "binti Abdallah" utarudi mikono mitupu. Ukienda na jina lake la Kikuyu, hasa ukijua na mbari, yaani ule ukoo mdogo wenye shamba moja, mzee yeyote wa huko atakuelekeza hadi kwenye kilima chenyewe. Jina la Kikuyu pia hujieleza, kwa kuwa desturi ni kumpa mtoto wa kwanza wa kike jina la nyanya mzaa baba na wa pili jina la nyanya mzaa mama. Ukilijua jina la nyanya yako yaelekea umelijua na la mmoja wa nyanya zake. Anza na Waislamu wa mji wa Murang'a wenyewe, kwani wanaojua habari za waliosilimu huwa ni waliosilimu.

Nimebakisha jambo ambalo ningependa ulisikie kwangu kabla hujalisikia uchochoroni. Nairobi ya wakati ule iliwataka wanaume kwa kazi bila wake zao, kwa mshahara wa mtu mmoja asiye na familia. Wanawake waliofika peke yao walijitafutia riziki kwa kupika, kuuza chakula, kupika pombe, kupangisha vyumba, na wengine kwa kuuza miili yao. Wanahistoria wamethibitisha kwamba nyumba nyingi za Pangani na Pumwani zilijengwa na wanawake kwa fedha zao wenyewe, na kwamba baadhi yao walizipata kwa kazi hiyo. Sisemi kwamba nyanya yako alikuwa mmoja wao. Sijui, na hakuna lolote katika barua yako linaloonyesha hivyo. Nasema tu kwamba huenda hiki ndicho yule mama aliyekushika mkono alichoogopa kukuambia. Mimi nikimfikiria msichana wa miaka 20 na kitu aliyekuja mji huu bila ndugu, akajenga vyumba vinane, akalea watoto na kulipa kodi ya kiwanja mwaka hadi mwaka na kuzitunza risiti zake, namwona mtu wa kuheshimiwa, riziki yake iwe ilitoka wapi. Lakini mjomba wako ni mwanawe, nawe ni mjukuu, na si sawa. Amua sasa kwamba lolote utakaloambiwa juu ya hilo utaliandika katika daftari lako peke yake, na halitaingia katika kundi la simu la familia mpaka mjomba mwenyewe aridhie.

Kuhusu nyumba yenyewe, usingoje mapatano yote yakamilike. Mkisemezana tu, omba ruhusa ya kuipima. Ukumbi ule mrefu wenye vyumba pande mbili na uani nyuma ni nyumba ya Waswahili wa pwani, iliyosafiri hadi bara pamoja na majina kama Pangani na Digo, na zilizobaki Nairobi zinapungua kila mwaka. Pima urefu wa ukumbi na upana wa kila chumba kwa futi kamba, chora, andika nani alikaa wapi. Piga picha milango, hasa ya zamani, na pale ambapo saruji imebanduka na fito zinaonekana. Simama katika chumba cha kwanza mkono wa kulia umwombe mjomba akueleze kitanda kilikuwa upande gani, ukimrekodi kwa simu yako akijua kwamba unamrekodi.

Risiti usizibandike kwenye plastiki ya moto, maana zitaharibika. Ziweke katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, na toa nakala mbili, moja iwe ya mjomba. Picha usiiandike kwa kalamu ya wino.

Na siku utakapokwenda kwake, mpe nakala ya ile picha kabla ya salamu kuwa ndefu, usiseme neno juu ya nyanya wala juu ya Abdallah. Muulize wale wengine watatu ni akina nani. Ikiwa walihama pamoja na mama yake, basi ndio waliombeba mgongoni alipokuwa mtoto, na pengine hakuna aliyewahi kumuuliza habari zao. Anza na yule wa kwanza kushoto.